Miguu ya Sista Sanu

Juzi asubuhi, bakuli la uji likiwa mkono mmoja na kijiko mkono wa pili, simu ililia juu ya meza ya dawa. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Nepali. Sikuufungua papo hapo, maana Mama alikuwa amefunga mdomo. Tangu kiharusi kilipompitia hasemi hata neno, na upande wake wa kulia umelala. Kilichobaki chini ya amri yake ni mkono wa kushoto na huo mdomo, na siku akiamua kuufunga haufunguki kwa kubembeleza wala kwa hasira. Nimejaribu vyote viwili. Wenzangu mnaolea wazazi mnajua ninachokisema: mtu unachoka mpaka unaona haya kusema umechoka, kwa sababu jana ulisema hivyo hivyo.

Uji ulipokwisha kuganda nikausikiliza ule ujumbe. Sauti ilikuwa imezeeka, lakini Kiswahili kilikuwa kile kile alichojifunza jikoni kwetu.

"Rayya, mimi Sanu. Mimi nilikuwa mgonjwa sana, kichwa kimeacha vitu vingi. Wasichana wangu hapa wanajua yote, mwanzo mpaka pale pa kugeuka. Mwisho mimi sina tena. Baba hayupo, mwalimu mwingine hayupo, video hakuna. Bibi alikuwa anajua mwisho. Wewe ulikaa naye pale mlangoni kila siku. Nisaidie mwanangu."

Akakohoa, ujumbe ukakatika. Huwa tunasalimiana kwa simu kila Idi, basi, hakuna zaidi. Bibi yangu alishafariki zamani, Mungu amrehemu. Na mimi ndiye ninayesahau kila siku nilikoegesha gari pale chuoni ninakofundisha, Al Khoudh, nikazunguka juani nikibonyeza funguo. Nikakaa kwenye kochi la chumba cha mgonjwa, nikajaribu kukumbuka miguu ambayo sikupata kuiona ikicheza ila mara moja tu.

Nyumba yetu ilikuwa hapa hapa Maskati, Khuwair ya Kusini, kabla mtaa haujajaa maofisi na maduka ya miwani. Wa umri wangu mtaikumbuka Khuwair ile: gari la tangi la maji likipiga honi mlangoni, vumbi la viwanja vitupu tulivyovifanya vya mpira, viyoyozi vya dirishani vikidondosha maji ndani ya ndoo, na Bibi akiyapeleka maji hayo kwenye mrehani wake kwa sababu kutupa maji ilikuwa kwake sawa na kutupa chakula. Uani kulikuwa na chumba chenye mlango wake na choo chake, na ndani ya chumba hicho alipanga Sista Sanu.

Alikuwa nesi wa hospitali ya binafsi, Mnepali, mfupi, nywele kazifunga kisogoni. Viatu vyake vyeupe alivivua nje na kuvipanga sawasawa, visigino ukutani. Bibi alimpa chumba kwa sababu ya mguu. Bibi alikuwa na sukari, na chini ya kidole gumba chake kulikuwa na donda lililokataa kupona, na kila alasiri Sista Sanu alipoamka alikuja na sinia lake la dawa, akapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi, akaupakata mguu ule, akaliosha donda na kulifunga. Kiswahili alikipata hapo, kwa Bibi anayelalamika na kwa Mama anayepika. Kwa hiyo alijua maneno ya maumivu na ya chakula kabla ya mengine yote.

Alikuwa akifanya kazi zamu za usiku. Alirudi sisi tukinywa chai, mimi nikiwa na sare ya skuli, Mama jikoni anasukuma chapati na dirisha lipo wazi kutoa moshi. Hakuwa akilala moja kwa moja. Nilijua hayo kwa sababu pazia lake lilikuwa fupi, na mimi macho yangu hayakuwa na adabu. Kutoka pale kwenye ndoo ya kiyoyozi nilimwona kuanzia kifuani kwenda juu. Uso kaugeuzia ukutani, upande nisioweza kuuona, na mikono yake inasema. Mkono wa kulia ulishuka taratibu, kiganja nje, namna mtu anavyompa mwenzake kitu. Wa kushoto ulibaki kifuani, vidole vimebana kitu chembamba ambacho hakikuwapo. Kisha mikono inabadilishana, inazunguka, inafunguka. Midomo ilitikisika lakini sauti haikutoka nje ya kioo.

Sasa, jirani yetu alikuwa na mtoto kiziwi, Shemsa, na siku zile sote tulimwita bubu bila haya. Mama yake Shemsa alizungumza naye kwa mikono, tena wakigombana mikono ilikwenda mbio. Mimi nikapiga hesabu zangu za kitoto: Sista Sanu anaongea na bubu. Humo chumbani kuna mtu, tena mtu huyo hatoki, haonekani dukani wala uani. Na watu wazima kwetu, kila wakikaa na kahawa, hadithi ni fulani kakamatwa hana bataka, kile kitambulisho cha ukaazi, fulani kapandishwa ndege usiku kwa usiku. Basi nikaelewa yote. Sista Sanu kamficha bubu asiye na bataka, na nikisema neno kwa mtu, watakuja kumchukua.

Siri ile niliibeba kwa uzito wake. Kilichonisumbua zaidi ni chakula. Mshahara wa nesi najua nini mimi, lakini nilimwona Sista Sanu mwenyewe mwembamba, na nikafikiri atakuwa anagawana na mtu wa pili. Nikaanza kuchukua kipande cha mkate wa kumimina, siku nyingine vitumbua, nikaweka ndani ya sahani ya udongo, nyeupe, ya zamani, iliyokwisha ingia nyufa nyembamba. Nikaiacha mlangoni pake juu ya viatu vyeupe, nikakimbilia basi la skuli.

Sista Sanu alidhani chakula kinatoka kwa Bibi. Na kwa kuwa Mama alikwisha mfundisha kwamba kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, ile sahani ilikuwa ikirudi jikoni na machungwa, au ndizi, zimepangwa vizuri. Mama hakuuliza. Mama alikuwa mtu wa maneno machache hata zamani, alipokuwa nayo. Aliyapokea machungwa, akayamenya, tukala.

Bibi ndiye aliyeanza kuitazama sahani. Siku ya Ijumaa moja aliiinua juu kwenye mwanga wa dirisha, miwani puani. Ndani ya zile nyufa kulikuwa na wekundu uliokwenda kwenye umanjano, umeingia haswa, haukutoka kwa sabuni.

"Salma, hebu njoo utazame. Hii zafarani."

"Labda mchuzi, Mama," Mama akasema.

"Mchuzi ntashindwa kuujua mie? Na umri wangu huu? Hii sahani imeandikwa kombe."

Nyinyi mliokulia nyumba za Kizanzibari sina haja ya kuwaeleza, lakini watoto wetu hawajui: kombe ni dawa ya aya. Mwalimu huziandika kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa. Bibi aliamini kombe kuliko vidonge. Uso wake uling'aa siku ile.

"Masikini ya Mungu! Kumbe anaumwa na hasemi, kaenda kuandikiwa kwa siri. Tena imani keshaanza kuwa nayo. Mwaka wa ngapi huu mie nnamwombea? Nipe chupa ya maji ya waridi, Salma. Nnakwenda kumwambia asione haya, hapa kwao."

Akavuka ua na chupa yake, akichechemea na mguu wa donda. Mimi nyuma yake mbio, maana najua atakayemkuta humo. Nilikuwa najiandaa kumtetea bubu. Bibi, kama ilivyokuwa kawaida yake, alipiga hodi na kusukuma mlango kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipoiona miguu. Ilikuwa mitupu juu ya vigae, imevimba kwenye vifundo kwa kusimama usiku kucha, mmoja umeinuliwa unangoja kushuka. Ukutani palikuwa na kijimeza, na juu yake kisanamu cha shaba cha mwanamke aliyekaa, mguu mmoja kaunyoosha mbele mithili ya mtu anayetaka kuinuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini, kiganja nje. Kilikuwako kitaa kidogo cha mafuta, unga mwekundu wa rangi ile ile ya kwenye nyufa za sahani, maua. Na mbele ya yote hayo, ndani ya sahani yetu, mkate wa kumimina wa Bibi.

Mimi niliinama nikatazama chini ya kitanda. "Bubu yuko wapi?" nikauliza.

Bibi alikuwa anautazama mkate wake.

"Astaghfirullah," akasema polepole. "Na yale machungwa?"

Sista Sanu angeweza kudanganya. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Aliushusha mguu wake chini, akasema, "Machungwa pia, Bibi. Kwanza Mama, halafu watu."

"Mama yupi?"

Akaonyesha kisanamu kwa mkono uliofunguka, kwa adabu, hakunyoosha kidole.

"Mwisho wa mwezi utafute pahala pengine," Bibi akasema, na akarudi na chupa yake haikufunguliwa.

Siku ile nyumba ilikuwa na kazi. Bibi alisukutua mdomo mpaka nikadhani atameza bomba. Mama aliyatoa machungwa yaliyobaki akayapeleka kwenye pipa, na ile sahani ikafuatana nayo. Mimi niliwekwa kitako nikaulizwa, nikasema yote, bubu na bataka na vitumbua, na Bibi ambaye alikuwa amekusudia kunichapa alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka, na kisha akaacha kucheka akabaki na machozi. Alikuwa kamuombea yule nesi mwaka baada ya mwaka. Alikuwa kashaona jibu.

Alasiri, mlango wa uani ukagongwa. Sista Sanu na sinia lake. Alipiga magoti pale pale anapopiga kila siku, akaupakata mguu wa Bibi na kuanza kufungua bendeji.

"Bado unakuja?" Bibi akamwuliza.

"Donda halijui sisi tumegombana, Bibi."

Mama alikuwa kwenye cherehani, akaacha kushona. Nilikaa chini ya meza nikisikiliza maji ya dawa yakimwagika kwenye beseni. Bibi alitazama juu, alitazama dirisha, mwisho akatazama chini, akaiona miguu ya Sista Sanu imekunjwa nyuma yake, nyayo zimepasuka.

"Na wewe miguu yako hiyo, nani anaiuguza?"

"Hakuna."

"Usiku kucha umesimama kwa wagonjwa, ukirudi hulali, unakwenda kucheza. Ngoma gani hiyo isiyokuwa na harusi?"

"Si ngoma, Bibi. Ngoma ya watu kutazama. Hii hakuna mtu kutazama." Aliendelea kufunga, hakuinua macho. "Kwetu jina lake charya. Hii kuomba kwa mwili. Mimi kumwita Mama Tara, yeye anasaidia haraka mtu mwenye hofu. Nikicheza vizuri, mimi sipo, yeye yupo. Nikicheza vibaya, mimi tu, na mguu unauma."

Kisha akaeleza, kwa maneno yake ya jikoni, mambo ambayo nimeyaelewa nikiwa mtu mzima. Ukoo wao ni wa makuhani wa Kibuddha, na mambo haya yalifundishwa nyuma ya mlango uliofungwa, baba kwa mtoto wa kiume, mgeni haoni. Kaka zake wakaenda kutafuta kazi nchi za mbali na hawakutaka kujua. Baba yake akazeeka na mlango wake umefungwa na ndani hakuna mtu. Mwisho akamwita binti. Charya nyingine zote zilikwisha kumpotea mzee, akamfundisha hii moja, kama walivyoicheza ndani ya nyumba yao wenyewe. Binti akaja Maskati kufanya kazi ya hospitali, na baba akafa, na ruhusa ya kwenda haikupatikana.

"Sasa ipo hapa tu," akasema, akijigusa goti. "Siku nikiacha kwa sababu nimechoka, kesho mguu unasahau kidogo. Ukisahau yote, hakuna wa kumwuliza."

Bibi akalitazama lile goti. Bibi yangu aliinuka kila alfajiri kabla ya adhana kwa magoti yaliyokuwa yakilia ngaa, ngaa, na daktari alishamwambia aswali juu ya kiti, akawa anaswali juu ya kiti faradhi, sunna za siri anashuka chini ili Mungu asije akamwona kajilegeza. Nilimsikia kupitia ukutani akijizoa sakafuni. Nadhani alikuwa anafikiria hayo, lakini sijui, hakupata kuniambia.

"Nisikilize," akasema. "Mie sikubali unalolifanya, na Mungu anajua sikubali. Chakula changu hakikai tena mbele ya yule. Pazia lako lirefushwe, Salma atakushonea. Chumba kaa."

"Chakula basi hamtaki kunipa tena," Sista Sanu akasema. Hakuwa analalamika, alitaka kujua utaratibu.

"Nani kasema? Ntakuletea mwenyewe. Nikae pale nje mpaka umalize mambo yako, halafu utoke ule mbele ya macho yangu. Hapo ntakuwa na hakika kimekwenda wapi."

Ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi Bibi alitoa kiti chake cha plastiki akakiweka nje ya mlango wa Sista Sanu, mgongo kaupa mlango, sahani yenye kawa imepakatwa, tasbihi mkononi. Mimi nilikaa kwenye kizingiti kungoja basi, na mimi pia nikigeuzwa mgongo kwa amri. Pazia jipya lilifika chini. Wakija wageni, au mtu wa gesi, au watoto wa jirani wenye macho kama yangu, wanamkuta Bibi pale na hakuna anayepita. Kitu alichokikataa kwa ulimi ndicho alichokilinda kwa kiti chake, na mtu asingeweza kumwambia hivyo akasalimika.

Nilimwuliza siku moja, "Bibi, Sista Sanu atakwenda motoni?"

"Hilo si langu wala lako," akasema. "Langu ni ale mkate kabla haujapoa."

Kilichotushinda kukizuia ni masikio. Pazia lilizuia macho, lakini miguu ilisikika: kisigino kizito juu ya kigae, vidole vyepesi, mburuzo, kimya, kisigino tena, na chini yake sauti ya Sista Sanu akiimba kwa puani. Mama alikuwa jikoni na dirisha lake wazi, akipiga donge la unga ubaoni. Asubuhi baada ya asubuhi, miaka ile yote ya skuli ya msingi. Tasbihi ya Bibi, naapa hakukusudia, ilianza kuangusha punje kwa mwendo wa ile miguu.

Na ikafika asubuhi moja Sista Sanu katoka zamu mbili zilizounganishwa. Tulimsikia akianza, miguu inaburuta. Alifika pale pa kugeuka, kimya kikaja, na baadaye kidogo mlango ukafunguka akasimama, macho mekundu, mkono tayari kupokea sahani.

Bibi hakuitoa. Wala hakugeuka.

"Bado," akasema. "Hukufika mwisho."

"Bibi?"

"Kuna kitu umekiruka pale mwisho. Kila siku kipo, leo hakikuwapo. Rudi."

Nilimtazama Sista Sanu. Alikuwa amechoka kiasi cha kushika mwimo wa mlango, na alimtazama yule mwanamke mzee wa Kiislamu aliyemgeuzia mgongo. Akarudi ndani, pazia likaanguka, akamaliza. Alipotoka mara ya pili Bibi alifunua kawa, akasema, "Haya kula. Umepoa sasa, shauri yako."

Tangu siku hiyo ikawa kawaida. Uchovu ukimzidi, alikata pale pale, karibu na mwisho, na Bibi akasema "Bado." Hakupata kusema kitu kingine juu ya jambo lile. Siku njema hakusema chochote, alifunua kawa tu. Niliwahi kumwuliza Sista Sanu, alipokuwa akila na mimi namtazama, kama yule aliyekuwa akizungumza naye kwa mikono ni bubu kweli.

"Yeye anasikia," akasema. "Asiyekuwa na maneno ni mimi."

Hospitali yake ilifungwa nami nikiwa nakaribia kumaliza skuli. Akafungasha vitu vyake, kisanamu kakizungushia kanga aliyopewa na Mama. Bibi wakati huo alikuwa haendi mbali na kitanda. Sista Sanu alimfunga donda kwa mara ya mwisho, akaliweka paji lake la uso juu ya mguu ule, na Bibi akamwacha, kisha akamwambia, "Ukifika kwenu usiikate mwisho. Una tabia hiyo ukichoka." Hayo ndiyo maagano yao, hakukuwa na mengine.

Basi juzi, na leo, nimekuwa nikijaribu. Ile nyumba ya Khuwair sasa ina ofisi, na chumba cha uani sijui wamekigeuza nini. Niligonga kwa vidole juu ya chuma cha kitanda cha Mama, nikifuata tasbihi ya Bibi: kizito, chepesi, mburuzo, kimya. Mara ya kwanza nilipotea njiani. Mara ya pili nilifika pale pa kugeuka, nikashangaa mwenyewe namna vidole vilivyojua. Halafu kikaja kile kimya, na mbele yake sikuwa na kitu. Kimya tu. Nikafikiri labda ndio mwisho wenyewe, labda Bibi alikuwa akisikia kitu ambacho sikupata kukisikia kwa sababu hapo ndipo basi lilipokuwa likipiga honi.

Nitamtumia hivyo hivyo, nikasema. Nilikuwa nimechoka. Uji wa asubuhi ulikuwa unaganda tena, shuka zinangoja, mhadhara wa saa nne unangoja. Nikaiweka simu kwenye mto karibu na chuma cha kitanda, nikabonyeza kurekodi, nikagonga yote niliyonayo mpaka kwenye kugeuka, mpaka kwenye kimya. Nikanyoosha kidole kuizima.

Mkono wa kushoto wa Mama ukanishika.

Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Nilimtazama. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye dirisha, na uso wake ulikuwa ule wa mtu aliye jikoni anayesikiliza kitu uani huku mikono ina unga. Nilitaka kusema neno, akanibana zaidi. Kimya kikaendelea. Kikaendelea kupita pale ambapo mimi ningekata, kupita pale ambapo mtu yeyote aliyechoka angekata. Kiyoyozi kikavuma. Nikadhani kasahau, nikadhani kalala macho wazi.

Kisha akaniachia, akakishusha kiganja chake juu ya godoro, na kwa ncha za vidole na kitako cha kiganja akapiga: chepesi, chepesi, mburuzo mrefu, na kizito kimoja, cha mwisho, kilichotulia pale pale kilipoanguka. Na mimi nikausikia uani mlango ukifunguka, Bibi akifunua kawa.

Nililia, na simu inarekodi. Sikuifuta sehemu ile, nikamtumia Sista Sanu kama ilivyo.

Mama akageuza uso kunitazama, akafumbua mdomo, akangoja uji wake.